Honors katika Vyuo vya Marekani: Mwongozo Kamili kwa Mwanafunzi Anayetoka Nje

Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi anayehitimu kwa daraja la kwanza hakuliomba daraja hilo. Wastani wa alama zake ndio uliompa. Marekani nao wana kitu kama hicho, yale maneno ya Kilatini yanayoandikwa kwenye cheti, cum laude na wenzake. Programu ya honors ni jambo jingine kabisa. Ni mzigo wa masomo ya kina zaidi, mara nyingi pamoja na tasnifu, unaoombwa, unaopokelewa kwa masharti, na unaobebwa muhula baada ya muhula. Anayeshindwa sharti moja anaweza kutolewa kwenye programu, akaendelea na shahada yake kama wenzake wa kawaida.

Kwa mwanafunzi wa kigeni mzigo huo una mkia: kila uamuzi wa honors unagusa pia visa na mfuko. Ukiacha somo, umegusa visa. Ukikubali bweni la honors, umegusa bajeti. Ukifanya utafiti nje ya chuo bila kibali, umegusa vyote viwili. Wanaoshindwa mara nyingi hawakupungukiwa akili. Hawakuwa na kalenda.

Aina za honors na ipi ikufae

Chimbuko linalotajwa zaidi ni Swarthmore, chuo kidogo cha Pennsylvania. Mwaka 1922 rais wake, Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, alianzisha mfumo wa wanafunzi wachache kusoma kwa kina kwenye seminari, yaani madarasa madogo ya majadiliano. Mpaka leo watahiniwa wa honors wa Swarthmore hupimwa na wasomi wanaoletwa kutoka nje ya chuo, kwa maandishi na kwa mdomo. Vyuo vikuu vya umma vilikuja baadaye na mtindo wao, chuo kidogo ndani ya chuo kikubwa: Barrett cha Arizona State University, kilichoanzishwa mwaka 1988, na Schreyer cha Penn State, cha mwaka 1997, ni mifano inayojulikana.

Chini ya hapo kuna programu ya honors ya kawaida, yenye ofisi moja, mratibu mmoja na orodha ya masomo. Kuna honors ya idara, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu huomba kuandika tasnifu katika somo lake kuu peke yake, biolojia au historia au uchumi. Hii ya idara haihitaji kuombewa ukiwa bado nyumbani, na kwa anayesoma uhandisi au uuguzi, ambao ratiba yao imejaa tangu mwaka wa kwanza, mara nyingi ndiyo chaguo la busara kuliko kujibebesha krediti (vipimo vya uzito wa masomo) za seminari zisizoingia kwenye shahada yake.

Halafu kuna honors ya vyuo vya jamii vya miaka miwili, ambayo familia nyingi za kwetu huipuuza kwa sababu jina la chuo halivumi. Karo yake huwa chini sana kuliko ya vyuo vya miaka minne, na inafungua milango. California kwa mfano, mwanafunzi anayekamilisha honors katika chuo cha jamii kilicho kwenye TAP, mpango wa kuhamia Chuo Kikuu cha California cha Los Angeles (UCLA), hupewa kipaumbele anapoomba kuhamia huko. Kama pesa ndiyo kikwazo na mtoto ana nidhamu ya kusoma, anza kuangalia hapo kabla ya kwingine.

Darasa lenyewe la honors huwa na wanafunzi 15 hadi 25, wakati somo hilohilo upande wa kawaida linaweza kuwa na 200 ukumbini. Hakuna mhadhara mrefu. Mnakaa mkitazamana, kila mmoja amesoma, na alama za kushiriki mazungumzo zinaweza kuwa sehemu ya tano ya alama zote au zaidi.

Kabla ya kuomba, iandikie ofisi ya honors barua pepe moja yenye maswali haya:

1. Krediti ngapi za honors zinatakiwa, na zipi ni za lazima? Barrett, kwa mfano, huwataka wanaoingia mwaka wa kwanza wakamilishe krediti 36 za honors pamoja na tasnifu, kati ya krediti 120 za shahada.
2. GPA (wastani wa alama) ya kubaki ni ngapi, inapimwa lini, na anayeshuka hupewa mihula mingapi ya kujirekebisha? Vyuo vingi viko kati ya 3.2 na 3.5.
3. Je, kuna ada ya honors kila muhula, na bweni la honors ni la lazima mwaka wa kwanza? Bei yake imezidi ya bweni la kawaida kwa kiasi gani?
4. Je, ufadhili niliopewa umefungwa kwenye honors? Nikitoka, pesa inaondoka nayo?

Swali la nne ndilo watu husahau, na ndilo lenye maumivu. Omba jibu lake kwa maandishi.

Maombi: miezi kumi na miwili kabla

Tuchukue mwanafunzi anayetaka kuanza Agosti. Kazi inaanza Agosti ya mwaka uliotangulia, maana honors za vyuo vikuu vingi vya umma hufunga mapema, mara nyingi Novemba, wakati maombi ya kawaida ya chuo hichohicho bado yako wazi. Fomu ya honors mara nyingi iko nje ya Common App, ile fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, kwenye tovuti ya chuo chenyewe, na hufunguka baada ya kutuma maombi ya kwanza. Anayetuma Common App siku ya mwisho hukuta ya honors imeshafungwa. Angalia pia saa: Common App hufunga saa 5:59 usiku kwa saa za pale ulipo wewe, ilhali fomu ya chuo mara nyingi hufuata saa za chuo. Weka tarehe yako mwenyewe ya kutuma wiki mbili kabla, umeme na mtandao visikuweke roho juu.

Matokeo yako yanahitaji maelezo. Msomaji aliyeko Ohio hajui kwamba 80 katika shule yako ni A, wala kwamba asilimia 65 katika Diplôme d'État ya Kongo si alama ya mtu dhaifu. Mwombe mshauri wa shule aandike ukurasa mmoja unaoitambulisha shule: idadi ya watahiniwa, mizani ya alama, wangapi walipata A, na lugha ya kufundishia. Vyeti vya Kifaransa, vya Kongo na Burundi, vipelekwe kwa mtafsiri anayetambulika, na nakala ya asili iambatane. Vyuo vingine hutaka tathmini ya shirika kama WES au ECE, vingine hufanya wenyewe. Usilipie tathmini kabla ya kuuliza. Waliomaliza kidato cha sita waulize pia kama alama zao za juu za masomo makuu zinaweza kugeuzwa krediti. Vyuo kadhaa hukubali, na krediti hizo ndizo zitakazokupa nafasi ya kuandika tasnifu bila kulemewa mwaka wa nne.

Barua za walimu ndipo wengi wanapopoteza. Mwalimu wetu akimpenda mwanafunzi huandika kwamba ni mtiifu, ana nidhamu, anaheshimu wakubwa na ni kiranja. Kamati ya honors inatafuta kingine: aliuliza nini darasani, alisoma nini kisichokuwa kwenye mtihani, alikosea wapi akarekebisha vipi. Usimwandikie mwalimu barua. Mpelekee karatasi moja yenye mambo matatu yaliyotokea katika somo lake, mradi fulani au swali fulani au kazi uliyoirudia, kisha mwombe ayataje anayoyakumbuka. Mpe wiki nne.

Insha ya Common App ina kikomo cha maneno 650. Ya honors ni nyingine, na swali lake huwa la wazi: tatizo gani linakuumiza kichwa, wazo gani ulilibadilisha. Kosa kubwa ni kusimulia shida za maisha mara ya pili. Shida ulishazieleza kwenye insha ya kwanza. Hapa wanataka kuona unavyofikiri. Mwanafunzi wa Pemba anayeandika kwa nini bei ya karafuu shambani hailingani na ya mnadani, akataja alichohesabu na asichoweza kueleza, ana insha bora kuliko aliyeandika kurasa mbili za kiu ya elimu. Na zile methali za kufungulia insha tulizofundishwa shuleni ziache. Anza na dai lako.

Mtihani wa Kiingereza, TOEFL, IELTS au Duolingo English Test: chuo kitasema kinakubali upi. SAT, mtihani wa kujiunga na vyuo, sasa hufanywa kwa kompyuta na vyuo vingi havilazimishi, lakini honors au ufadhili wa chuo hichohicho unaweza kuitaka. Washauri wa EducationUSA, huduma ya serikali ya Marekani, walioko Nairobi, Dar es Salaam na miji mingine hawatozi chochote kwa ushauri. Wakala anayedai pesa ili "kukuombea honors" anakuuzia fomu iliyo bure.

Pesa na fomu I-20

Ukipokelewa, chuo kitataka ushahidi wa fedha za mwaka wa kwanza: karo, chumba, chakula, bima, vitabu. Taarifa ya benki iwe na jina la mfadhili, tarehe ya karibuni na kiasi kinachofikia pengo lililobaki baada ya ufadhili. Pesa zilizoingia zote kwa mkupuo wiki iliyopita huzua maswali. Kama ni za kuuza shamba, ambatanisha mkataba wa mauzo. Hapo ndipo chuo kinatoa fomu I-20, hati ya kuombea visa ya mwanafunzi. Linganisha jina na pasipoti herufi kwa herufi. Jina moja la babu likiachwa, rekebisha sasa, si ukiwa uwanja wa ndege.

Kuna jambo ambalo barua za ufadhili hazilisemi kwa sauti. Ufadhili unaolipia karo na vitabu vya lazima hautozwi kodi, lakini sehemu inayolipia chumba na chakula hutozwa, na kwa mwenye visa ya F-1, ile ya wanafunzi, chuo kwa kawaida hukata asilimia 14. Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kupunguza kiwango hicho. Kwa hiyo mwenye "ufadhili kamili" ambao dola 14,000 zake ni za chumba na chakula anaweza kudaiwa dola 1,960 ndani ya mwaka. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kigeni deni hilo huingia lini kwenye akaunti yako, na ujaze fomu za kodi kila mwaka, hata ile 8843 ya asiye na kipato chochote.

Visa

Lipa ada ya SEVIS, mfumo wa Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ambayo kwa F-1 ni dola 350, jaza DS-160, fomu ya kuomba visa, lipa ada ya visa, dola 185, kisha panga siku ya mahojiano. Ada hubadilika, kwa hiyo isome tovuti ya ubalozi siku unayolipa. Jambo moja linatangulia hayo yote: tangu Juni 2025 Marekani imekuwa ikizuia visa za wanafunzi kwa raia wa baadhi ya nchi. Burundi ilikuwamo kwenye orodha ya kwanza, na orodha imepanuliwa baadaye. Isome kabla hujatoa hata senti. Nchi yako ikiwamo, omba chuo kikuahirishie nafasi na ufadhili kwa maandishi, na uwe na chuo cha nchi nyingine mkononi.

Mahojiano huwa ya dakika chache. Ofisa atauliza kwa nini chuo hiki, nani analipa, utasoma nini. Jibu lenye uzito ni la mtu anayejua programu yake: "Nimepokelewa honors, nitaandika tasnifu ya kemia ya maji, na chuo kinalipa kiasi hiki, kaka yangu analipa kilichobaki." Aliyekariri jibu hujulikana kwenye swali la pili. Tangu katikati ya 2025 waombaji huambiwa waweke kurasa zao za mitandao ya kijamii wazi, na DS-160 huuliza majina ya kurasa hizo. Ziandike zote.

Unaweza kuingia Marekani siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza iliyo kwenye I-20, si mapema zaidi. Hati hizi zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku: pasipoti, I-20 iliyotiwa saini, risiti ya SEVIS, barua ya kupokelewa na ushahidi wa fedha.

Kuhusu afya, fanya chanjo mapema. Dozi mbili za surua, matumbwitumbwi na rubela hutakiwa karibu kila mahali, na zina nafasi ya wiki nne kati yake. Kipimo cha kifua kikuu nacho kina mtego. Aliyechanjwa BCG utotoni anaweza kuvimba kwenye kipimo cha ngozi bila kuwa na ugonjwa, akasumbuliwa na eksirei na ufuatiliaji. Omba kipimo cha damu tangu mwanzo.

Miezi mitatu ya mazoezi ukiwa bado nyumbani

Hii ndiyo sehemu ambayo hakuna ubalozi unaokukumbusha, nayo ndiyo inayoamua muhula wa kwanza.

Anza na hesabu ya kusoma. Kanuni ya Marekani ni kwamba krediti moja ni saa moja darasani na angalau saa mbili nje ya darasa kila wiki. Krediti 15 basi ni saa 45 kwa wiki. Seminari ya honors ya krediti tatu inakupa takribani saa sita za kusoma na kuandika, nayo inaweza kukupa kurasa 100 za wiki. Mwanafunzi anayesoma Kiingereza cha kitaaluma kwa mwendo wa kurasa 10 kwa saa atahitaji saa kumi kwa somo hilo moja, na masomo mengine manne yanamsubiri. Huyo hatalala, na ataanza kwenda darasani bila kusoma kufikia wiki ya nne.

Mwendo unaongezwa kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe si ya kukimbiza macho. Chukua sura ya kurasa 20 ya kitabu cha historia, uchumi au falsafa. Soma utangulizi na hitimisho kwanza, dakika 15, mpaka uweze kusema dai la mwandishi kwa sentensi moja. Kisha pita aya kwa aya ukitafuta sababu na ushahidi. Neno usilolijua lipite, isipokuwa kama limerudi mara tatu. Ukimaliza, funga kitabu uandike nusu ukurasa: anadai nini, ushahidi wake mzito ni upi, wapi sikubaliani, swali gani limebaki. Lengo ni dakika 90 kwa yote. Wiki ya kwanza itakuchukua saa tatu, na ni kawaida. Fanya sura mbili kwa wiki.

Kusema ndiko kugumu zaidi. Darasani kwetu kunyamaza mbele ya mwalimu ni heshima. Kwenye seminari aliyenyamaza huhesabiwa kuwa hakusoma, na mwalimu hatamwita. Tafuta mwenzio mmoja, msome sura moja, halafu kwa dakika kumi mmoja atetee na mwingine apinge, kwa Kiingereza, kila hoja ikitajiwa ukurasa. Baadaye mbadilishane pande. Ukifika chuoni, ingia darasani na vitu viwili vilivyoandikwa: swali moja na ukurasa mmoja unaotaka usomwe tena. Sema ndani ya robo saa ya kwanza, kabla mazungumzo hayajashika kasi, kwani kadiri unavyongoja ndivyo unavyoona kila ulichotaka kusema kimeshasemwa. Kumpinga profesa kunaruhusiwa na hupendwa, mradi uonyeshe ukurasa. Mwite "Professor" na jina lake la ukoo mpaka yeye mwenyewe aseme vinginevyo.

Kuna pia suala la kunakili. Aliyezoea kusomea madesa, kufanya maswali ya nyumbani kwa kikundi na kutoa maelezo ya kitabu jinsi yalivyo hajioni mwizi; ndivyo alivyopata A. Chuoni Marekani mambo hayo matatu yanaweza kumfikisha kwenye kamati ya nidhamu, na honors nyingi humtoa mwenye kosa moja tu. Jifunze mtindo mmoja wa kurejelea, MLA au APA, kabla hujaondoka. Kugeuza maneno mawili matatu ya sentensi ya mtu si kuiandika upya: soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako, kisha fungua uhakikishe, na bado umtaje mwenye wazo. Kufanya kazi pamoja ni kosa pale silabasi, karatasi ya profesa yenye masharti ya somo, isiporuhusu. Kutoa insha moja kwa masomo mawili ni kosa pia. Na programu za akili bandia kila profesa ana sheria yake. Isome kwenye silabasi, na kama haipo, uliza kwa barua pepe.

Muhula wa kwanza: alama na krediti

Mizani ya alama itakushtua. Kwenye vyuo vingi 93 ni A, 90 ni A ya chini yenye pointi 3.7, 83 ni B yenye 3.0, na 75, ambayo Dar es Salaam ungeisherehekea kama A, ni C. Wakati huohuo mtihani wa mwisho si mfalme. Unaweza kuwa robo tu ya alama. Zilizobaki zinatoka kwenye vijaribio vya kila wiki, insha, maabara na mahudhurio. Anayengoja kukaza buti wiki ya mwisho, kama ilivyozoeleka, atakuta alama zimeshagawanywa.

Angalia GPA inavyofanya kazi. Umemaliza krediti 15 kwa GPA ya 2.9 na honors inataka 3.4 ukifikisha krediti 60. Unahitaji pointi 204 (3.4 mara 60), unazo 43.5, zimebaki 160.5 za kupatikana katika krediti 45. Hiyo ni wastani wa 3.57 kwa mihula mitatu mfululizo: inawezekana, lakini kila B sasa inakudai A mahali pengine. Kwa hiyo muhula wa kwanza chukua krediti 14 au 15, seminari moja ya honors tu, somo moja la hisabati au sayansi ulilo na msingi nalo, na usirundike maabara mbili.

Kwa nini si 12, kiwango cha chini? Kwa sababu 12 haikuachii nafasi. Mwenye F-1 wa shahada ya kwanza lazima awe na krediti 12 kila muhula, na somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti tatu, ndilo linalohesabiwa humo. Mwenye 15 akiona fizikia inamzamisha anaweza kuiacha akabaki na 12. Mwenye 12 akiiacha anashuka hadi tisa, amevunja masharti ya visa, hata kama mshauri wake wa masomo ndiye aliyemwambia aache. Washauri wa masomo hawajui sheria za visa wala si kazi yao. Kabla ya kuacha somo lolote, pita ofisi ya wanafunzi wa kigeni upate idhini. Kuna ruhusa chache za kupunguza mzigo, za ugonjwa, ugumu wa mwanzo wa masomo, au muhula wa mwisho ambapo krediti zilizobaki ni chache.

Saa za ofisi za profesa zitumie kuanzia wiki ya pili. Usiende kusema "sijaelewa". Nenda na aya moja au swali moja ulilojaribu, umwonyeshe ulipokwama. Huyu ndiye atakayekuandikia barua mwaka wa tatu.

Kazi za ndani ya chuo zinaruhusiwa hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na utafiti unaolipwa kwenye maabara ya profesa huhesabiwa humo. Ukiwa na honors, kumi zinatosha.

Mkataba wa honors

Chuo kisipokuwa na darasa la honors la somo unalohitaji, unaweza kuligeuza somo la kawaida kuwa la honors kwa mkataba: wewe na profesa mnaandikiana kazi ya ziada, ofisi inaidhinisha. Fomu hizi hufungwa mapema, mara nyingi ndani ya wiki tatu au nne za mwanzo, kwa hiyo mwendee profesa wiki ya kwanza ukiwa na ukurasa mmoja unaosema swali lako, utakachosoma au kupima, utakachotoa na tarehe tatu: rasimu, mkutano, mwisho.

Mikataba mibovu huandikwa "insha ya ziada ya kurasa kumi". Kurasa si kina. Katika somo la takwimu mkataba mzuri ni kuchukua data halisi, mathalani bei za mahindi za masoko manne, ukajaribu njia moja ambayo darasa halikufika. Tarehe ya mwisho isiwe wiki ya mitihani; iweke wiki mbili kabla. Kwa kawaida ukishindwa mkataba unapoteza krediti ya honors huku alama ya somo ikibaki, lakini hakikisha hilo limeandikwa. Usiwe na mikataba zaidi ya mmoja kwa muhula.

Tasnifu

Kwa anayehitimu Mei ya mwaka wa nne, msimamizi apatikane mwisho wa mwaka wa pili, pendekezo liidhinishwe katikati ya mwaka wa tatu, data ikusanywe likizo ya Juni hadi Agosti, rasimu kamili ifike mezani Januari, na utetezi uwe Machi au Aprili. Chagua msimamizi anayejibu barua pepe. Mwenye jina kubwa asiyepatikana ataiua tasnifu yako polepole. Na muulize kama atakuwa likizo ya utafiti mwaka wako wa nne.

Wengi wetu hutaka kufanyia utafiti nyumbani, na ni uamuzi mzuri kwa sababu lugha unayo. Lakini ukihoji watu, hata watano, unahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo kabla ya mahojiano ya kwanza. Data iliyokusanywa kabla ya kibali haitumiki. Juu yake kuna vibali vya taasisi za utafiti za nchi: NACOSTI kwa Kenya, COSTECH kwa Tanzania Bara, UNCST kwa Uganda, na Zanzibar ina utaratibu wake. Uraia wako haukuondolei wajibu wa kuomba kibali. Anza Januari kwa safari ya Juni. Fomu ya ridhaa iandikwe kwa Kiswahili cha mtu wa kawaida, na kamati itataka tafsiri yake. Kabla ya kusafiri, I-20 itiwe saini ya safari, ambayo hudumu mwaka mmoja, na uangalie kama visa yako bado hai na inaruhusu kuingia tena. Ikiwa imeisha, utaiomba upya ukiwa nyumbani, na hiyo inaweza kula Agosti yako yote.

Fedha za utafiti zitafute ndani ya chuo kwanza. Programu za utafiti za majira ya joto za REU zinazolipwa na NSF, shirika la serikali la kufadhili sayansi, ni za raia na wakazi wa kudumu, na tuzo kama Goldwater na Truman vilevile hazikuhusu; usipoteze wiki kuzijaza. Mafunzo ya kazini nje ya chuo, yawe ya honors au la, yanahitaji CPT, kibali cha kufanya kazi kama sehemu ya masomo, ambacho kwa kawaida hupatikana baada ya mwaka mmoja wa masomo. Kujitolea bila malipo mahali ambapo wengine hulipwa kwa kazi ileile bado kunaweza kuhesabiwa kuwa kazi, kwa hiyo uliza kwanza.

Mwaka wa nne angalia tarehe ya mwisho iliyo kwenye I-20. Tasnifu ikichelewa na tarehe hiyo ikakaribia, nyongeza lazima iombwe kabla haijapita, kwa barua ya msimamizi inayoeleza sababu ya kitaaluma. Maombi ya OPT, miezi 12 ya kufanya kazi katika fani yako, na 24 zaidi kwa fani nyingi za sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, hupokelewa kuanzia siku 90 kabla ya kumaliza hadi siku 60 baada. Kwa anayemaliza Mei, hiyo ni Februari, mwezi uleule unaorekebisha rasimu kabla ya utetezi, kwa hiyo fomu na picha ziwe tayari Januari.